Baridi ya Usiku kwa Umeme wa Jioni

Umeme unaofika Masasi na Newala umetembea mbali. Kwa miaka mingi chanzo chake kimekuwa kituo cha gesi cha Mtwara mjini, kilichoanza kuzalisha katika miaka ya 2000 kwa gesi ya Mnazi Bay. Kutoka hapo unabebwa na nyaya za msongo wa kilovolti 33 hadi kwenye miamba ya Masasi upande wa magharibi, na hadi juu ya uwanda wa Makonde, Tandahimba na Newala. Ukikatika, lawama huenda kwa mashine iliyoharibika, nguzo iliyoanguka au tawi lililogusa waya. Joto halitajwi. Ilhali kila kituo kinachochoma gesi kina megawati zilizoandikwa kwenye kibao cha mtambo na megawati zinazotoka kweli mwezi wa Novemba, na sehemu kubwa ya tofauti hiyo inatokana na hewa ya moto inayovutwa na mtambo. Wahandisi wa nchi nyingine wamejaribu kuziba pengo hilo kwa kuweka akiba ya ubaridi. Usiku, umeme ukiwa hauna wateja wengi, wanapoza maji au kugandisha barafu ndani ya tangi kubwa. Saa za mahitaji makubwa zikifika, ubaridi ule unatolewa kupoza mtambo. Swali ni kama njia hiyo ina nafasi kusini mwa Tanzania. Nadhani inayo, ila si mahali ambapo wengi wangekimbilia kuiweka, na thamani yake inaamuliwa na saa ya matumizi kuliko inavyoamuliwa na ubora wa mitambo.

Kwanza tuelewe joto linafanya nini. Turbini ya gesi huvuta hewa kwa ujazo: kila mzunguko inameza nafasi ileile ya hewa, iwe baridi au moto. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo katika ujazo uleule uzito unaopita ndani ya mtambo unapungua, na nguvu inayotoka inapungua pamoja nao. Ndiyo maana watengenezaji hupima mitambo yao kwenye nyuzi 15 za joto, unyevu wa asilimia 60 na usawa wa bahari, hali ambayo mkazi wa Mtwara hajapata kuiona tangu azaliwe. Kila nyuzi inayozidi 15 huondoa kati ya nusu asilimia na asilimia moja ya nguvu, kutegemea aina ya turbini. Tukichukua 0.7 kama kadirio la katikati, mchana wa nyuzi 32 unakula karibu asilimia 12. Mtambo uliolipiwa kama wa megawati 20 unatoa kama 17 na nusu, na gharama ya ununuzi haikupunguzwa hata senti moja kwa ajili hiyo.

Injini za pistoni ni habari nyingine, na hapa ndipo watu wengi wanaochangamkia teknolojia hii huteleza. Kituo cha Mtwara kilikuwa na injini tisa za gesi za megawati mbili mbili, jumla 18, na baadaye zikaongezwa nyingine. Injini ya namna hiyo hushindiliwa hewa na tabo, kisha hewa hiyo hupozwa kabla ya kuingia kwenye silinda, kwa hiyo joto la nje haliigusi moja kwa moja kama linavyoigusa turbini. Hushikilia nguvu yake hadi joto la nje lipite kiwango fulani, ndipo mfumo wa udhibiti unapoanza kuipunguza ili isijiumize. Udhaifu wake uko kwenye rejeta. Katika nishati yote ya gesi inayoingia, takriban mbili ya tano ndiyo inayotoka kama umeme. Iliyobaki inatoka kwenye bomba la moshi, au inabebwa na maji na oili hadi kwenye rejeta, ambako feni hupuliza hewa ya nje kati ya mapezi membamba. Mapezi yale yakishika vumbi na chumvi ya bahari, au hewa yenyewe ikiwa ya moto, maji hurudi kwenye injini yakiwa hayajapoa vya kutosha. Tiba yake ya kwanza ni kusafisha rejeta na kubadilisha feni zilizochoka, kazi isiyohitaji tangi la ubaridi wala mshauri wa kutoka ng'ambo.

Kwa hiyo tangi la ubaridi linahusu hasa turbini, na lina historia. Mji wa Lincoln, jimbo la Nebraska nchini Marekani, ulianza mwanzoni mwa miaka ya 1990 kugandisha barafu usiku ili kupoza hewa ya turbini mchana wa kiangazi. Saudi Arabia ilikuja kufanya hivyo kwa kiwango kikubwa zaidi kwenye kituo namba tisa cha Riyadh, chenye makumi ya turbini zinazohudumiwa na hifadhi ya maji baridi. Undani wa tangi la maji baridi ni rahisi kuliko mtu anavyotarajia. Ni tangi la chuma au zege, limefunikwa vizuri lisipate joto la nje. Maji ya nyuzi nne au tano huingizwa chini polepole kupitia mabomba yenye matundu mengi, na maji ya nyuzi 12 au 13 hukaa juu yake bila kuchanganyika, kwa sababu maji ya vuguvugu ni mepesi. Kati ya matabaka hayo mawili kuna ukanda mwembamba, mara nyingi haufiki hata mita moja, ambao hupanda usiku tangi linapojazwa baridi na kushuka jioni baridi inapotumika. Pampu ikisukuma kwa pupa, ukanda huo unavurugika na akiba yote inakuwa maji ya uvuguvugu. Kila mita ya ujazo ya maji, kwa tofauti ya nyuzi nane, hubeba ubaridi wa kama uniti (kilowati-saa) 9.3. Tani moja ya barafu hubeba kama uniti 93 kwa kuyeyuka tu, yaani tangi la barafu linaweza kuwa dogo mara kumi, ila mashine ya kugandisha inakula umeme zaidi kuliko ya kupoza maji.

Sasa tuilete hesabu pwani ya kusini. Tuchukue turbini ya kufikirika ya megawati 20, inayovuta kama kilo 70 za hewa kwa sekunde, ikiwa Mtwara jioni ya Novemba, nyuzi 27, unyevu asilimia 80. Tunataka hewa hiyo iingie ikiwa na nyuzi 10. Kushusha nyuzi 17 si kazi kubwa kwa yenyewe, lakini hewa ya pwani imejaa mvuke, na mvuke huo lazima ugeuke maji kabla hewa haijapoa. Katika ubaridi wote unaotumika, takriban sehemu tatu kati ya tano zinaishia kwenye kazi hiyo ya kukamua mvuke, sehemu mbili tu ndizo zinazopoza hewa yenyewe. Riyadh, ambako hewa ya kiangazi ni ya moto mno lakini kavu, mzigo huo wa mvuke karibu haupo. Hii ndiyo sababu takwimu za mafanikio ya Ghuba hazifai kunakiliwa kwenye andiko la mradi wa Mtwara. Kwa saa tano, kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa tano usiku, turbini yetu ingehitaji ubaridi wa uniti 15,000 hivi, ambao ungekaa kwenye tangi la mita za ujazo 1,650. Kulijaza usiku wa manane kungekula umeme wa kama uniti 3,400. Faida yake ni megawati 2.4 za ziada kila saa, jumla uniti 12,000 kwa jioni moja. Gesi ya kuzalisha uniti hizo lazima ichomwe, kwa sababu ubaridi hauzalishi umeme, unaupa tu mtambo nafasi ya kufanya kazi uliyonunuliwa kuifanya.

Kuna jambo la pembeni ambalo wenyeji wa uwanda wa Makonde watalitazama kwa jicho tofauti na la mhandisi wa Riyadh. Mvuke uliokamuliwa haupotei. Unadondoka kutoka kwenye koili kama maji unayoyaona chini ya kiyoyozi cha ofisi, ila kwa wingi: turbini yetu ingedondosha kama lita 2,600 kwa saa, lita 13,000 kwa jioni. Ni ndoo 650 za lita 20. Yakisafishwa kidogo yangetosha matumizi ya kituo chenyewe, na hili si dogo, maana vituo vingi huhitaji maji safi yasiyo na chumvi. Ila yangepatikana usawa wa bahari, na mwenye kiu yuko juu.

Pingamizi zito kuliko yote linahusu saa. Kule Lincoln na Riyadh, mahitaji hupanda mchana kwa sababu ya viyoyozi, saa ileile joto linapoidhoofisha turbini. Shida mbili zinagongana saa moja, na tangi linazitibu zote kwa pamoja. Kusini mwa Tanzania mambo hayako hivyo. Mahitaji hupanda baada ya magharibi, watu wakirudi nyumbani, taa zikiwashwa, televisheni, pasi na friji vikifanya kazi kwa pamoja, na kufikia hapo jua limeshazama na hewa imeshapoa nyuzi tano au zaidi. Mtu anaweza kusema kwamba tangi la ubaridi linatibu ugonjwa wa mchana kwa mgonjwa anayeumwa usiku. Pingamizi hili ni la kweli, lakini halifuti hoja. Hesabu niliyotoa imetumia hewa ya jioni, si ya saa nane mchana, na bado imezaa megawati 2.4, kwa sababu pwani haipoi kweli. Mahali ambapo usiku wa Novemba hubaki juu ya nyuzi 23 au 24, turbini haifikii nguvu ya kibao chake saa yoyote kati ya 24. Kinachopungua jioni ni ukubwa wa faida tu.

Hiyo hali ya pwani kutopoa inakata upande mwingine pia. Mwaka 2015 shirika la utafiti wa nishati la serikali ya Marekani, ARPA-E, lilianzisha mpango ulioitwa ARID, ukitafuta namna ya kupoza vituo vya mvuke bila kupoteza maji na bila kupunguza ufanisi. Baadhi ya mawazo yake yalikuwa kuchukua baridi ya bure ya usiku, hata kuacha joto lipande kwenda kwenye anga jeupe la jangwa, na kuihifadhi hadi mchana. Tatizo lililolengwa ni la kweli: kituo cha Matimba nchini Afrika Kusini, karibu megawati 4,000, kinapozwa kwa hewa kavu kwa sababu eneo lake halina maji, na siku za joto na upepo mbaya kinalipa gharama hiyo kwa megawati. Lakini baridi ya bure inahitaji pengo kubwa kati ya mchana na usiku. Mtwara pengo ni la nyuzi sita hadi nane, na mawingu na unyevu huzuia joto kupanda angani. Hapo akiba ya ubaridi lazima inunuliwe kwa kompresa, usiku kwa usiku. Kuna anayeweza kusema basi kituo kijengwe juu, Newala, ambako upepo wa usiku kwenye ukingo wa Shimo la Mungu unajulikana kwa ubaridi wake. Fizikia inakataa. Ukipanda mita 750, hewa inakuwa nyepesi kwa asilimia nane au tisa, na turbini inapoteza nguvu kwa kiwango kama hicho; ubaridi wa nyuzi nne au tano unairudishia asilimia tatu hivi. Uwanda ni mahali pazuri pa kulala, si pa kuweka turbini.

Njia ya mkato ni kunyunyiza ukungu wa maji kwenye mlango wa hewa na kuacha yafyonze joto yakigeuka mvuke. Ni rahisi na inatumika sehemu nyingi kavu. Kwenye jioni yetu ya asilimia 80 ya unyevu ingeshusha nyuzi mbili, tatu kwa bahati, na ingekula maji safi badala ya kuyatoa. Haihitaji maelezo zaidi.

Linalohitaji maelezo ni gharama, maana hapo ndipo hoja ya tangi dogo inapokufa. Megawati 2.4 ni kama injini moja na robo za aina iliyoko Mtwara tayari. Injini mafundi wanaijua na vipuri vyake vinafanana na vya jirani yake. Ikiharibika moja, nyingine zinaendelea. Tangi linataka mashine za kupoza maji, koili kubwa mbele ya turbini, pampu, gesi ya friji, na fundi mwenye ujuzi wa fani mbili. Isitoshe, tangi lina hesabu yake ya maumbo: ukiongeza vipimo vyake mara mbili, ujazo unakua mara nane lakini ukuta unaoulipia na unaovujisha baridi unakua mara nne tu. Kwa hiyo tangi dogo ni ghali kwa kila uniti, na kubwa ni nafuu. Kwa mtambo wa megawati 20 pekee ningenunua injini. Kwa kituo cha megawati 300 kinachopangwa Mtwara, ambacho shirika la JICA la Japani lilishiriki kukifanyia upembuzi yakinifu, mizani inageuka: hapo tunazungumzia makumi ya megawati za jioni kutoka kwenye mitambo ambayo itakuwa imeshalipiwa. Na kitaifa mahali pa kwanza pa kujaribu si Mtwara hata kidogo. Ni Kinyerezi, Dar es Salaam, ambako Kinyerezi I na II zilijengwa zikiwa na megawati 150 na 240 katika hewa ileile ya pwani, na ambako viyoyozi vya mjini vimeanza kuusogeza mzigo kuelekea mchana.

Hata hivyo mkazi wa Newala anaweza kuuliza megawati za ziada za Mtwara zinamfikiaje. Ni swali la haki, na ndilo linalonifanya nione kwamba mjadala mzima wa kupoza mitambo umeanzia upande usiofaa wa waya. Upotevu kwenye waya hukua kwa mraba wa mkondo. Maana yake ni kwamba ukipunguza mkondo kwa asilimia 10 saa ya kilele, upotevu kwenye waya ule unapungua kwa asilimia 19. Njia ndefu ya kilovolti 33, inayopita kilomita zaidi ya 100 kabla ya kufika juu ya uwanda, inapoteza umeme mwingi zaidi saa ileile umeme unapohitajika zaidi, na volti za mwisho wa njia zinashuka. Mota inayopata volti pungufu haitulii. Inavuta mkondo zaidi ili izungushe mzigo uleule, inapata moto, na siku moja waya za ndani zinaungua. Megawati ikiongezwa Mtwara inapitia mateso hayo yote kwanza. Kilowati ikiondolewa Newala saa ya kilele inaleta nafuu kwenye njia yote, kuanzia mwisho hadi mwanzo.

Na Newala kuna mzigo unaoweza kuondolewa bila mtu kuzima taa, nao ni pampu za maji. Uwanda wa Makonde ni mchanga mwekundu unaomeza mvua; hakuna kijito juu yake, na maji ya ardhini yako chini sana. Kwa vizazi watu wameteremka mabondeni kuchota na kupanda nayo, na nyumba nyingi za Newala zina kisima cha kuvunia mvua uani, mabomba ya bati yakishuka kutoka paani. Tangu miaka ya 1950 serikali ya kikoloni ilipoanzisha mradi wa maji wa Makonde, suluhisho kuu limekuwa kusukuma maji kutoka visima na chemchemi za bondeni, Mitema na Mkunya zikiwa mashuhuri, hadi kwenye matangi ya juu. Ni kazi ya umeme tupu. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa mita 100 kunataka uniti 0.27 kwa hesabu ya darasani, na kama 0.4 kwa pampu na mabomba ya kweli. Umeme ukikatika Newala, bomba linakauka baada yake. Masasi kuna sura nyingine ya jambo hilohilo: maji ya mji huo na Nachingwea yanategemea chanzo cha Mbwinji na pampu zake.

Chukua sasa tangi lilelile la mita za ujazo 1,650 tulilojaza ubaridi pale Mtwara, ulijenge juu ya uwanda na ulijaze maji ya kawaida ya kunywa yaliyopandishwa mita 400. Kuyapandisha kunahitaji uniti 2,640. Yakipandishwa baada ya saa sita usiku badala ya jioni, kilele kimepunguziwa zaidi ya kilowati 500 kwa saa tano, na punguzo hilo limetokea mwisho kabisa wa njia, panapouma. Kwa idadi ya uniti, tangi la ubaridi linashinda waziwazi: 12,000 kwa 2,640. Lakini la pili halina kompresa, halina koili, halina gesi ya friji, halivuji baridi, na linafanya kazi ambayo mji ungeilipia hata kama umeme usingekuwa na shida. Likikaa limejaa usiku mzima na mchana wote, hakuna kinachopotea. Akiba ya nguvu katika uwanda huu tayari ina jina na mita yake, ni maji yaliyo juu, na sioni sababu ya kuanza na ile ya kigeni kabla ya kuimaliza hii.

Mhandisi wa maji atanikatiza hapa, na atakuwa na haki. Pampu nyingi za Makonde hazina nafasi ya kupumzika jioni, kwa sababu maji hayatoshi hata zikisukuma mchana na usiku. Ukizifunga kwa saa tano, unawanyima watu sehemu ya tano ya maji ili wengine waangalie televisheni. Kwa pampu za zamani hilo ni jibu la mwisho. Lakini uwanda umo kwenye mradi wa maji wa miji 28 unaogharamiwa kwa mkopo wa India, na mradi mpya unachagua ukubwa wa pampu, kipenyo cha bomba na idadi ya matangi. Pampu iliyopangwa kufanya kazi saa 18 badala ya 24 ni kubwa kwa theluthi moja, bei yake haipandi kwa kiwango hicho, na inaacha nafasi ya matengenezo pia. Mamlaka ya maji hainufaiki na uamuzi huo isipokuwa bei ya umeme ya usiku iwe chini kuliko ya jioni. Leo gharama ya tangi la ziada inabebwa na idara moja, na nafuu ya waya inaenda kwa nyingine. Kikwazo hicho ni cha daftari la bei. Mitambo haihusiki, na kwa uzoefu wa nchi hii cha daftari huchelewa kuliko cha mitambo.

Linabaki pingamizi la wenye haraka: Bwawa la Julius Nyerere limekamilika kwa megawati 2,115, njia ya msongo wa kilovolti 220 inaletwa kutoka Songea kupitia Tunduru hadi Masasi, kwa nini tuhangaike na ubaridi wa Mtwara? Kweli, njia hiyo itabadilisha mengi. Masasi itakoma kuwa mwisho wa waya na kuwa lango la kuingilia, na Newala itasogea karibu na chanzo kuliko wakati wowote. Lakini bwawa lina majira. Oktoba na Novemba 2022, kabla ya bwawa hilo, nchi iliingia kwenye mgao kwa upungufu wa megawati zaidi ya 300 kwa sababu mito ilikuwa imekauka. Mapema 2024 mvua zilipozidi, baadhi ya vituo vya maji vilizimwa kwa kuwa umeme ulikuwa mwingi kuliko wateja. Mfumo unaoegemea maji huyumba kati ya hali hizo mbili. Na miezi ambayo mito iko chini, joto la Masasi liko juu, na ndiyo miezi ya minada ya korosho, fedha za vyama vya ushirika vya MAMCU na TANECU zinapoingia mifukoni, friji mpya zinanunuliwa na mashine za kuchomelea zinalia hadi usiku. Gesi ya pwani itabaki kuwa bima ya miezi hiyo, na bima inayopungua kwa asilimia 12 siku ya ajali ni bima mbovu. Zaidi ya hayo, gridi yenye maji mengi usiku wa masika ndiyo inayoweza kujaza tangi la ubaridi kwa bei ndogo, hivyo njia mpya inaongeza thamani ya akiba ya aina yoyote, mahali popote penye tangi.

Kwa hoja hizo, kazi ya kwanza ni matangi ya maji ya uwandani na bei ya usiku kwa pampu za Mitema na Mbwinji. Injini za zamani za Mtwara zisafishiwe rejeta na kuachwa. Moshi wa injini hizo, unaotoka ukiwa na mamia ya nyuzi, unaweza kuendesha mashine ya kupoza inayotumia joto badala ya kompresa. Kitaalamu inavutia, lakini kwa injini zinazozeeka ni kumvisha mzee viatu vya mbio. Tangi la ubaridi lenyewe lina nafasi moja ya kweli, kwenye kituo kipya cha megawati 300, na nafasi hiyo inapatikana au inapotea kwenye nyaraka za zabuni. Zabuni ikiomba megawati kwa nyuzi 15, itashinda kampuni yenye kibao kizuri. Ikiomba bei ya uniti moja saa mbili usiku mwezi wa Novemba, nyuzi 27, unyevu asilimia 80, kila mzabuni atalazimika kuamua mwenyewe kama tangi linamlipa, na ramani ya kituo itabidi iache kiwanja kitupu cha kutosha upande wa mlango wa hewa, hata kama tangi litajengwa miaka 10 baadaye.